Neno la Ngozini na Neno la Kifuani

Gombo la Taurati haliguswi kwa mkono mtupu. Anayelisoma katika sinagogi hufuata mistari kwa kijiti, mara nyingi cha fedha, ambacho ncha yake imechongwa mfano wa mkono mdogo ulionyoosha kidole cha shahada. Aliyeitwa mbele kutoa baraka hugusisha pindo la shali yake ya sala pale kisomo kinapoanzia, kisha hulibusu pindo hilo. Muislamu wa pwani atazitambua adabu hizi mara moja. Naye hashiki msahafu bila udhu, hauweki sakafuni, huuweka juu ya marfaa, na harundiki vitabu vingine juu yake.

Lakini anayeishia hapo ameona nusu tu. Tofauti yenyewe iko kwenye kusoma.

Sheria ya Kiyahudi haimruhusu msomaji kuisoma Taurati mbele ya jamaa kwa ghibu. Hata akiijua yote, macho yawe kwenye herufi. Mwandishi wa gombo naye amefungwa vivyo hivyo: huwa na nakala mbele yake na hulitamka kila neno kabla ya kuliandika, kwa wino juu ya ngozi ya mnyama halali, mpaka zitimie herufi 304,805. Ikipungua herufi moja, gombo halifai kwa kisomo cha jamaa hadi lisahihishwe. Jina la Mungu likishaandikwa halifutwi.

Na hapa ndipo ninapoistahi sana mila hii. Gombo halina alama za irabu, halina vituo, halina alama za mahadhi. Yote hayo msomaji huyahifadhi nyumbani kwa kitabu cha chapa, akirudia na kurudia, halafu siku ya kisomo anakabili ngozi iliyo tupu ya msaada. Pembeni yake wapo wanaofuatilia. Akikosea neno na maana ikageuka, humrudisha alitamke upya. Jicho peke yake halimtoshi, wala kumbukumbu peke yake.

Kwa Waislamu, anayeheshimiwa ni hafidhi, aliyeihifadhi Kurani yote kifuani. Katika tarawehe, sala ya usiku wa Ramadhani, imamu husoma kwa ghibu, mara nyingine juzuu nzima kwa usiku mmoja, na akikwama maamuma humkumbusha. Wapo wanazuoni wanaoruhusu imamu ashike msahafu katika sala hiyo, ila Abu Hanifa aliona kwamba kusoma kutoka kwenye msahafu kunabatilisha sala. Angalia basi: jambo ambalo sinagogi inalilazimisha, imamu mkubwa wa fikihi amelikataza, na wote wawili wanalilinda neno. Wala hii haina maana kwamba maandishi yalidharauliwa. Siyu, katika kisiwa cha Pate, ilisifika kwa misahafu iliyonakiliwa kwa mkono na kupambwa kwa wino wa rangi.

Katika uzee wa maandishi, mila hizi zinakaribiana tena. Gombo lililochakaa huzikwa, pengine kando ya kaburi la mwanachuoni. Msahafu uliochakaa nao huzikwa au huchomwa kwa heshima. Sinagogi ya Ben Ezra huko Fustat, Cairo, ilikuwa na chumba cha kuwekea karatasi zisizofaa kutupwa, na humo zikalimbikizana kwa karne nyingi. Msomi Solomon Schechter alipozihamishia Cambridge mwaka 1896 na 1897, vilipatikana vipande zaidi ya laki moja na tisini elfu: sala, mikataba ya ndoa, barua za wafanyabiashara. Nako mjini Sanaa, Yemeni, mwaka 1972, mafundi waliokuwa wakikarabati Msikiti Mkuu walikuta darini kurasa za Kurani za kale mno.

Kwa hiyo nawaomba wenye juzuu na misahafu kuukuu ya mababu, Lamu, Pate, Unguja na kwingineko: kabla ya kuizika, ionyesheni kwa mjuzi wa hati za kale, ipigwe picha kurasa zote pamoja na maandishi ya pembeni. Kisha izikeni kwa adabu zote inazostahili.