Kutoka mbung'o wachache hadi pori zima

Mwaka 1925 Charles Swynnerton, mkuu wa kwanza wa wanyamapori Tanganyika, alichapisha ripoti ya jaribio lake dhidi ya mbung'o huko Shinyanga. Kwa msaada wa watemi wa Kisukuma, uchomaji wa mapema ulikatazwa. Nyasi ziliachwa zikauke kabisa, kisha moto mkali wa mwisho wa kiangazi ukateketeza vichaka vinavyowapa mbung'o kivuli. Kwingine watu walitoka kwa wingi na mashoka. Pori lilipofunguka, mbung'o walipungua na ng'ombe wakapata malisho. Je, ni mapori mangapi yafyekwe kabla mtu hajawa na haki ya kusema kwamba itakuwa hivyo kila mahali?

Mwanafalsafa wa Scotland, David Hume, aliliuliza swali hilo kwa upana mwaka 1739. Kutoka yaliyoonekana kwenda yasiyoonekana tunavuka kwa kuamini kwamba kesho itafanana na jana. Na imani hiyo tumeitoa wapi, kama si kwa kutazama jana? Hoja inazunguka na kurudi ilikoanzia, na mpaka leo hakuna jibu lililowaridhisha wanafalsafa wote.

Mtafiti wa mbung'o C.H.N. Jackson, wa idara iliyokuwa na makao Shinyanga ya Kale, alikutana na tatizo hilo akiwa na wavu mkononi. Alinasa mbung'o, akawatia nukta za rangi, akawaachia, kisha akanasa tena. Tuseme umetia alama 100. Ukinasa wengine 100 na kukuta 10 wenye alama, utakadiria kwamba pori lina mbung'o 1,000. Hesabu hiyo husimama iwapo tu wenye alama wamechanganyika na wenzao na wananasika kwa urahisi uleule. Tena wapo wanaokufa, wanaohama na wanaozaliwa, na Jackson alitafuta njia za kuwaingiza wote hao katika hesabu. Hapo ndipo ninapomheshimu: imani aliyoegemea aliiweka wazi, mtu mwingine aweze kuipinga.

Ufyekaji haukupata uangalifu huo. Jaribio la Swynnerton lilikuwa limewauliza mbung'o, halikuuliza udongo wala kuni za miaka 50 mbele. Miti iliendelea kukatwa kupisha pamba, mifugo na makazi, hadi watu wakaanza kuuita mkoa wa Shinyanga jangwa. Mwaka 1986 serikali ilianzisha mradi wa HASHI, Hifadhi Ardhi Shinyanga, ambao ulishika kasi ulipoegemea ngitili, desturi ya Wasukuma ya kufunga malisho wakati wa masika ili yaliwe kiangazi.

Baadaye watafiti walipima ngitili katika vijiji 172 na kupata takriban hekta 78,000. Vijiji vingine 661 havikupimwa. Kwa kuamini kwamba navyo vinafanana na vile 172, walikadiria kuwa mkoa mzima ulikuwa na hekta kati ya 300,000 na 500,000.