KIKOMBE CHA MAJI YA CHUMVI



Ndugu zangu, neno FATAA kwa Kiarabu ni kijana. Nabii Ibrahim (a.s.) ameitwa hivyo katika Suratul Anbiyaa, na vijana wa pangoni katika Suratul Kahf. Hapo ndipo lilipotoka jina FUTUWWA: uungwana wa kijana, yaani ukarimu, ushujaa, kusema kweli na kumlinda mnyonge.

Lakini jina zuri peke yake halimfai mtu. Mjini Baghdad vikundi vilivyojiita hivyo vilifikia kupigana mitaani na kuwatoza wafanyabiashara kwa nguvu.

Khalifa An-Naasir li-Diinillah (alitawala 1180 hadi 1225) alifanya nini? ALIINGIA NDANI YAO. Mwaka 578 Hijria (1182) alivishwa suruali ya futuwwa na Sheikh Abdul-Jabbaar. Mwaka 604 Hijria (1207) akatoa waraka: yeye ndiye mkuu wa futuwwa yote, na mwanachama atakayeua ametoka katika futuwwa na atashtakiwa kwa sheria. Wafalme na maamiri wa nchi nyingine nao wakaivaa suruali hiyo.

Siku ya kuingia, kijana alifungwa mkanda, akavishwa suruali, alama ya kuhifadhi utupu wake. Kisha akapewa kikombe. Ndani yake hamna mvinyo: ni MAJI NA CHUMVI. Kwa kikombe hicho wakawa ndugu.

Baghdad ikaanguka mikononi mwa Wamongolia mwaka 1258, lakini adabu ile haikufa. Ibn Battuta, yule yule aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331, baadaye aliwakuta vijana wa namna hiyo Anatolia, wakiitwa Akhi. Mchana walifanya kazi zao za mikono, jioni wakaleta mapato kununua chakula cha kuwakirimu wageni.

TUNAJIFUNZA NINI?

1. Kijana hulelewa na kundi lake. Asipopata kundi jema, atapata jingine.

2. Mkubwa hatengenezi vijana kwa kuwalaani kutoka mbali. Khalifa mzima alikubali kuvishwa na sheikh wao.

3. Udugu hauhitaji ulevi.

Kila Ijumaa tunawakemea vijana wa vijiweni waache pombe na bangi. Ni haki. Lakini tujiulize, wazee na maimamu: tukiwanyang'anya kikombe kile, tumewaandalia kikombe gani?

Allah awahifadhi vijana wetu. Aamin.

Mfikishie na mwenzako.