Uangalizi Baada ya Kifungo: Amri Itolewe Lini?

Wapo wafungwa ambao mahakama inaamini kwamba wakitoka watarudia ubakaji au ukatili wa aina hiyo, na jamii ina haki ya kukingwa dhidi yao. Wanasheria wanapolijadili kundi hili, aghalabu hubishana kama ni halali kumwekea mtu uangalizi baada ya gereza. Makala haya yanashikilia kwamba suala zito zaidi ni wakati: amri ya uangalizi itolewe siku ya hukumu, si kifungo kinapokaribia kwisha.

Jimbo la Queensland, Australia, lilifuata njia ya pili. Sheria yake ya mwaka 2003 inamruhusu Mwanasheria Mkuu, katika miezi sita ya mwisho ya kifungo, kuiomba mahakama imzuie gerezani mfungwa wa makosa ya ngono anayedhaniwa kuwa hatari, au imwachilie chini ya uangalizi. Ombi hilo huegemea sana ripoti za madaktari wa magonjwa ya akili. Anayeachiliwa huripoti kwa afisa wake, huweza kufungwa kifundoni kifaa cha kielektroniki, na hahami nyumba bila ruhusa. Baadhi yao hupangiwa makazi Wacol, jirani kabisa na gereza. Uangalizi wenyewe haupungui miaka 5.

Robert Fardon, aliyehukumiwa miaka 14 mwaka 1989, alikuwa anamaliza kifungo Juni 2003, mwezi uleule sheria hiyo ilipopitishwa. Akazuiwa. Mwaka 2004 majaji sita kati ya saba wa mahakama ya juu kabisa nchini humo waliiona sheria kuwa halali. Michael Kirby peke yake alipinga. Mwaka 2010 Kamati ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa iliamua kwamba kumrudisha mtu kwenye maisha ya gerezani bila kosa jipya ni kumwadhibu upya. Ni kweli Kamati ilizungumzia kizuizi, si uangalizi. Lakini uangalizi ambao ukiukaji wake humrejesha mtu gerezani, nao unahitaji kutokana na hukumu ya kosa, si na utabiri tu.

Kanada huanzia kwenye hukumu. Tangu mwaka 1997 jaji anayetoa adhabu anaweza kuongeza uangalizi usiozidi miaka 10 baada ya kifungo. Mshtakiwa anajua mapema kinachomsubiri, ushahidi wa kosa bado uko mezani, na rufaa inaweza kugusa adhabu yote. Kenya nayo iko upande huu: kifungu cha 39 cha Sheria ya Makosa ya Ngono ya mwaka 2006 kinaufanya uangalizi wa mkosaji hatari kuwa sehemu ya adhabu.

Mpinzani atauliza: nani awezaye leo kupima hatari ya mtu atakayetoka baada ya miaka kumi? Hakuna. Ndiyo maana amri ya siku ya hukumu iweke ukomo wa juu tu, kisha tathmini ya kabla ya kuachiliwa iruhusiwe kulegeza masharti au kuyafuta, isiyaongeze. Kosa la utabiri likitokea, liielemee serikali, si aliyekwisha kutumikia adhabu.

Kwa Kenya, basi, kazi iliyobaki si kutunga sheria ya mtindo wa Queensland. Ni kuwapa maafisa wa probesheni uwezo wa kuitekeleza iliyopo, na kuanza tiba ya mfungwa mapema, angali ndani.