Betri ndiyo uhai wa king'ora cha moto umeme unapokatika

UMEME unapokatika mjini Bariadi, wenye maduka huwasha jenereta, wenye nyumba za wageni hutafuta taa za kuchaji, na wengine hurudi kwenye mishumaa. Ni wachache wanaokumbuka kuwa kwenye ukuta wa jengo lao kuna mtambo mwingine unaohitaji umeme saa zote: mfumo wa tahadhari ya moto. Betri zake zikiwa nzima, ulinzi huendelea. Zikiwa zimekufa, jengo hubaki bila mlinzi katika saa ambazo moto una nafasi kubwa zaidi ya kuanza.

Hatari hiyo ina ushahidi nchini. Agosti 2009, wasichana 12 walipoteza maisha katika bweni la Shule ya Sekondari Idodi, mkoani Iringa. Taarifa za wakati huo zilieleza kuwa moto ulidhaniwa kutokana na mshumaa uliotumiwa na mwanafunzi kujisomea baada ya jenereta ya shule kuzimwa. Aidha, umeme unaporudi kwa kishindo baada ya kukatika, vifaa vilivyoachwa vimewashwa vinaweza kuungua na kuwasha moto mahali ambapo hakuna mtu.

Kwa Simiyu, mkoa ulioanzishwa mwaka 2012 na unaoongoza kwa kilimo cha pamba nchini, suala hili lina uzito wa pekee. Katika kiwanda cha kuchambua pamba, jiwe au kipande cha chuma kilichoingia pamoja na pamba kinaweza kutoa cheche kikigonga misumeno ya mashine. Cheche hiyo ikifungwa ndani ya robota, huweza kufukuta kwa saa nyingi, hata siku kadhaa, kabla ya ndimi za moto kuonekana. Moto wa namna hiyo hausubiri zamu ya wafanyakazi wala ratiba ya umeme.

Njia mbili za umeme

Mfumo wa tahadhari ya moto katika jengo la biashara huwa na paneli ya kuuongoza, vitambuzi vya moshi au joto, vitufe vya kubonyeza kwa mkono na ving'ora. Vyote hutegemea njia mbili za umeme. Ya kwanza ni umeme wa gridi wa volti 230, ambao paneli huupunguza na kuugeuza kuwa umeme mnyoofu wa volti 24. Ya pili ni betri, kwa kawaida mbili za volti 12 zilizounganishwa kwa mfuatano.

Umeme wa gridi ukiwapo, chaja iliyo ndani ya paneli huzijaza betri na kuzishikilia katika volti 27 na ushei. Ukikatika, betri huchukua kazi papo hapo bila mtu kugusa swichi.

Njia ya gridi nayo ina masharti yake. Paneli inapaswa kuwa na waya wake kutoka kwenye ubao mkuu wa umeme, wenye kikatizi chake chenye alama ya kuonya kisizimwe. Paneli iliyochomekwa kwenye soketi ya kawaida inaweza kuchomolewa na yeyote anayetaka kuchaji simu, na kuanzia hapo betri huanza kuliwa kimyakimya.

Saa 24 au 72

Swali la msingi kwa mwenye jengo ni muda ambao betri zinapaswa kuhimili. Kiwango cha Uingereza cha BS 5839-1, kilichotolewa upya mwaka 2025, kinataka betri za mfumo unaolinda maisha ya watu ziendeshe mfumo kwa saa 24 bila umeme, kisha zibaki na nguvu ya kupiga ving'ora kwa dakika 30. Kile cha Marekani, NFPA 72, nacho kinaanza na saa 24, kikifuatiwa na dakika 5 za ving'ora, au dakika 15 pale mfumo unapotoa matangazo ya sauti.

Kwa mifumo inayolinda mali katika majengo yanayokaa bila mtu, kiwango cha Uingereza hupandisha muda huo hadi saa 72. Kipengele hiki kinagusa moja kwa moja maghala na viwanda vya pamba, ambavyo hufungwa kwa muda mrefu msimu unapoisha. Umeme ukikatika Ijumaa jioni na ghala likafunguliwa Jumatatu asubuhi, betri ya saa 24 itakuwa imeisha Jumamosi, na mzigo utakuwa umekaa zaidi ya siku moja na nusu bila ulinzi.

Ukubwa wa betri hupimwa kwa hesabu, si kwa kukisia. Uwezo wake huandikwa kwa ampea-saa, yaani kiasi cha umeme inachoweza kutoa kwa muda fulani. Chukulia paneli inayotumia ampea 0.25 ikiwa imetulia na ampea 1.2 ving'ora vinapolia. Kwa saa 24 za utulivu inahitaji ampea-saa 6. Nusu saa ya ving'ora ni ampea-saa 0.6, ambazo huzidishwa kwa 1.75 kwa kuwa betri hupoteza sehemu ya uwezo wake inapotoa umeme kwa kasi. Hiyo ni 1.05. Jumla ya 7.05 huongezwa robo kwa ajili ya uchakavu, na jibu ni takriban ampea-saa 8.8.

Kwa hesabu hiyo, betri za ampea-saa 7, ambazo ni za kawaida sana madukani, hazitoshi. Fundi makini atachukua saizi inayofuata, ya ampea-saa 12. Mfumo huo huo ukitakiwa kudumu saa 72, hesabu hufika karibu 23.8, na betri za ampea-saa 26 ndizo zitakazofaa, mradi chaja ya paneli iwe na nguvu ya kuzijaza. Kiwango cha Ulaya cha EN 54-4 kinataka chaja irejeshe asilimia 80 ya uwezo wa betri ndani ya saa 24.

Sharti hilo la chaja lina maana kubwa wakati wa mgawo wa umeme, kama ule ulioanza Septemba 2023 na kuendelea hadi mapema mwaka 2024. Umeme ukikatika kila siku kwa saa nyingi, betri huanza giza la pili kabla haijajaa baada ya giza la kwanza. Betri inayokamuliwa mara kwa mara hadi mwisho huharibika haraka.

Joto na taa ya kijani

Adui mwingine ni joto. Muda wa kuishi unaotajwa na watengenezaji wa betri za risasi zilizofungwa, mara nyingi miaka mitano, hupimwa katika nyuzi joto 20. Kanuni inayotumiwa na mafundi ni kwamba kila nyongeza ya nyuzi 10 hupunguza umri huo kwa nusu. Paneli iliyofungwa kwenye chumba chenye nyuzi 30, hali isiyo ngeni katika mchana wa Simiyu, inaweza kuhitaji betri mpya baada ya miaka miwili na nusu. Hivyo paneli haifai kuwekwa chini ya bati bila dari wala kando ya mashine zenye joto.

Watu wengi huridhika wakiona taa ya kijani kwenye paneli. Taa hiyo huonyesha kuwa umeme wa gridi upo. Haithibitishi kuwa betri zitadumu saa 24. Hata kipimo cha volti peke yake hudanganya, kwa kuwa chaja huweza kuishikilia betri dhaifu ikaonekana nzima. Taa ya manjano ya hitilafu isipuuzwe, na mlio wake usizimwe tu ili usikere wateja.

Jaribio la kweli ni kuzima umeme wa gridi, kuacha mfumo ufanye kazi kwa betri, kisha kupiga ving'ora na kupima betri zinavyohimili mzigo. Kwa kiwango cha Uingereza, king'ora hujaribiwa kila wiki na fundi mwenye ujuzi hukagua mfumo wote angalau kila baada ya miezi sita. Betri zikibadilishwa, zibadilishwe zote mbili pamoja, za aina na umri mmoja, na tarehe iandikwe juu yake. Betri ya gari si mbadala: imetengenezwa kutoa nguvu nyingi kwa muda mfupi, si kungoja kwa miaka.

Jenereta na umeme wa jua husaidia, lakini haviondoi haja ya betri. Jenereta inaweza kukosa mafuta au mtu wa kuiwasha usiku, na betri za sola zinazoendesha friji na taa zinaweza kuwa tupu alfajiri.

Wajibu wa mwenye jengo

Sheria ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ya mwaka 2007 inalipa jeshi hilo mamlaka ya kukagua majengo na kutoa vyeti vya usalama dhidi ya moto. Hata hivyo, ukaguzi ni wa siku moja, ilhali betri huchakaa kila siku. Mwenye jengo anapaswa kutunza daftari la majaribio, kujua tarehe ya betri zake, na kuwafundisha walinzi wa usiku maana ya kila taa kwenye paneli.

Moto unapotokea, namba ya dharura ya jeshi hilo ni 114. Lakini ili mtu apige simu hiyo mapema, ni lazima kwanza kitu fulani kimwamshe.