Tuliambiwa Nini Jumapili?

Huku Njiro, upande wa kusini-mashariki wa mji wa Arusha, jumuiya yetu hukutana katikati ya juma nyumbani kwa mmoja wetu, leo kwa huyu, juma lijalo kwa yule. Baada ya wimbo na sala mzee wa jumuiya huuliza swali moja tu: "Tuliambiwa nini Jumapili?" Hapo wengi huinamisha macho. Mmoja akumbuka mfano wa mhubiri, wa pili akumbuka somo lenyewe, wa tatu akumbuka matangazo tu. Lakini tukiendelea kuzungumza, hata robo saa haijapita, mahubiri yote yamekusanyika tena, kama maharagwe yaliyomwagika sakafuni na kila mtu ameokota yaliyo karibu naye.

Swali hilo ni dogo, nasi tumelizoea hata twadhani limekuwapo sikuzote. Sivyo. Lina historia yake, na historia hiyo imewagharimu watu. Tumeona vema kuieleza, maana twaona wengine wameanza kuliacha.

Mwaka 1893 Misioni ya Kiluteri ya Leipzig ilianza kazi Kilimanjaro. Miaka mitatu baadaye, mwezi wa Oktoba 1896, vijana wawili wa misioni hiyo, Ewald Ovir na Karl Segebrock, walifika Akeri, katika miteremko ya mlima Meru, wakapiga hema zao. Hawakupata nafasi ya kufundisha. Usiku askari wa rika la Wameru na Waarusha waliwashambulia, wakawaua, pamoja na baadhi ya Wachaga waliofuatana nao. Tena hapo karibu alikuwapo afisa wa Kijerumani, Kapteni Johannes, na askari wake. Basi watu wa mlimani wangewezaje kumtambua Mzungu aliyeleta Neno na Mzungu aliyeleta bunduki? Wajerumani wakalipiza kisasi. Nyumba zilichomwa, migomba ilikatwa, ng'ombe walitwaliwa, na watu wengi wakafa.

Sisi Wakristo hupenda kusimulia vifo vya wale vijana wawili, na ni haki kuvisimulia. Walakini wajukuu wa wale waliochomewa nyumba nao wameketi pamoja nasi kanisani. Habari ikisimuliwa nusu, ile nusu nyingine haipotei; yakaa moyoni mwa jirani yako, naye anyamaza. Hili ni jambo la kwanza tunalojifunza: neno laweza kufika mlimani na lisisikiwe, kwa sababu aliyelileta na aliyeletewa hawajakaa kuulizana.

Mwaka 1902 misioni ilirudi Meru, ikaanza kituo cha Nkoaranga. Na mwaka 1904 ikaanza kituo cha Ilboru kwa Waarusha. Huko Ilboru alifika mwaka 1907 Leonhard Blumer, mtu wa Estonia, akakaa hata mwaka 1930. Alijifunza Kimaasai, lugha wanayoisema Waarusha, akawaandikia kitabu cha kujifunzia kusoma. Hivyo neno likaanza kusemwa kwa lugha ya nyumbani. Lakini lugha peke yake haikutosha, maana ilikuwako na desturi ya kusema.

Kati ya Waarusha jambo kubwa halikukatwa kwa kauli ya mtu mmoja. Watu walikusanyika katika mkutano waitao engigwana, kila mwenye neno akasimama akasema, mwingine akamjibu, hata likapatikana shauri ambalo wote waweza kulishika. Bwana P. H. Gulliver, mtaalamu Mwingereza aliyekaa kati yao katika miaka ya 1950, aliyaeleza haya katika kitabu alichokitoa mwaka 1963. Sasa fikirini mzee wa namna hiyo anapoingia kanisani mara ya kwanza. Mtu mmoja apanda mahali pa juu, asema nusu saa, wote wakinyamaza. Kisha yasemwa Amina, watu watoka. Hakuna aliyeulizwa, hakuna aliyejibu. Kwa mzee huyo neno lililosemwa bila kujadiliwa ni neno ambalo bado halijakatwa. Twadhani ndiyo sababu mazungumzo ya mahubiri yalipata nafasi njema katika nchi hii: mimbara ilitoka ng'ambo, lakini kuketi pamoja na kulipima neno kulikuwa kwetu tangu zamani.

Kisha vikaja vita. Mwaka 1916 Waingereza waliutwaa mji wa Arusha, na mwaka 1920 wamisionari Wajerumani wakaondolewa katika nchi. Wachache tu wasiokuwa Wajerumani walibaki. Waluteri wa Marekani, wa Sinodi ya Augustana, walikuja kusaidia, na Wajerumani wakaanza kurudi mwaka 1925. Lakini katika miaka ile ya katikati, ni nani aliyesimama mbele ya watu Jumapili? Walimu wa shule za vijijini. Walikuwa watu wenye elimu kidogo na mshahara kidogo zaidi, na wakati ule hapakuwa na mchungaji Mwafrika hata mmoja katika sharika hizo. Wa kwanza waliwekewa mikono mwaka 1934. Mwalimu alihubiri aliyoyasikia, na alipokwama aliwauliza wazee wenzake, "Ninyi mlisikiaje?" Kama mahubiri yangekuwa mali ya mhubiri peke yake, sharika zingalikufa pamoja na kuondoka kwake. Hazikufa, maana neno lilikuwa limekwisha kugawanywa katika vichwa vingi. Vita vya pili vilipoanza mwaka 1939, Wajerumani wakaondolewa tena, na mzigo ukarudi kwa mabega yale yale.

Huko Kidia, Old Moshi, alikaa miaka mingi Bruno Gutmann, hata akaondoka mwaka 1938. Yeye alifundisha kwamba ukoo, ujirani na rika ni vipawa vya Mungu, akajaribu kuujenga usharika juu yake. Majirani waliwekwa waangaliane, na vijana wa kipaimara wakaunganishwa katika vikundi vya kusaidiana, kwa mfano wa rika za zamani. Wako waliomlaumu kwamba aliipenda mno desturi, asiwaandalie watu mambo mapya ya shule na mji. Lawama hiyo ina kweli ndani yake. Walakini alitambua jambo ambalo sisi tulioko mjini twalihitaji kuliko watu wa Kidia: Mkristo asiye na jirani wa kumwuliza maswali atabaki na neno nusu.

Chombo kingine kilichosaidia ni Biblia ya Kiswahili. Biblia nzima ilichapwa mara ya kwanza mwaka 1891; Biblia iliyofasiriwa na Karl Roehl ikatoka mwaka 1937; na ile ya Union, ambayo wengi wetu twaisoma hata leo, ikatoka mwaka 1952. Tangu hapo Mmeru, Mwarusha, Mchaga na Mpare waliweza kuketi katika chumba kimoja na kufungua ukurasa mmoja. Mhubiri akisema jambo ambalo halimo, hata mwanamke mzee aliyejifunza kusoma juzi aweza kuweka kidole chake juu ya mstari na kuuliza.

Tena ulikuja Uamsho. Ulianza Gahini, nchi ya Rwanda, na Uganda, ukaenea katika miaka ya 1930 na 1940 hata Kenya na Tanganyika. Watu wa Uamsho walikutana katika vikundi, wakasoma Neno, kisha kila mmoja akasema wazi lilivyomgusa, pamoja na dhambi zake. Hapo mwanamke alisema mbele ya wanaume, na mwanafunzi mbele ya mchungaji. Faida ilikuwa kubwa. Hasara nayo ilikuwako: mahali pengine wale waliosema waliwadharau walionyamaza, wakajiona wao tu ndio waliookoka, na usharika mmoja ukawa na makundi mawili.

Ndugu zetu Wakatoliki nao walipita njia iliyo karibu na hii. Katika miaka ya 1960 Padre Vincent Donovan, Mmarekani wa Shirika la Roho Mtakatifu, aliyekuwa Loliondo, alikwenda boma kwa boma akizungumza na Wamaasai habari za Mungu. Katika kitabu chake cha mwaka 1978 asimulia kwamba siku ya ubatizo ilipokaribia alitaka kuwachagua: huyu hakuhudhuria sana, yule hakuelewa vema. Mzee mmoja, jina lake Ndangoya, alimzuia. Alimweleza kwamba walio wavivu walisaidiwa na wenye bidii, na wazito wa kuelewa walisaidiwa na wepesi. Basi wote walikuwa wamefika pamoja. Padre akakubali, akawabatiza wote. Sisi twaona kwamba mzee yule, kabla hajabatizwa, alikuwa amekwisha kuijua kazi ya jumuiya. Mwaka 1976 maaskofu Wakatoliki wa Afrika ya Mashariki walikutana Nairobi wakatia nguvu shauri la kujenga jumuiya ndogondogo za Kikristo, na katika nyingi za hizo watu hulisoma somo la Jumapili na kulitafakari nyumbani kwa mmoja wao.

Sasa turudi Njiro. Hapa kwetu hapana ukoo mmoja wala rika moja. Kuna chuo cha uhasibu na kuna nyumba za watu wa kazi nyingi, waliotoka Mbeya, Bukoba, Tanga na kwingineko. Nyumba zina kuta na malango, na jirani hujulikana kwa mlio wa gari lake. Siku hizi mtu aweza kusikiliza mahubiri kwa simu yake, ya mhubiri wa mji wowote, akiwa kitandani. Kwa hiyo wengine huuliza, "Jumuiya ya nini tena? Neno si nimelisikia?"

Tutawajibu kwa jambo lililotupata. Jumapili moja tulihubiriwa juu ya wale vibarua wa shamba la mizabibu, walioajiriwa saa mbalimbali na kulipwa ujira mmoja. Siku ya jumuiya tulilizungumza kwa ukali. Wengi wetu ni watu wa mishahara, tukawahurumia wale waliofanya kazi tangu asubuhi. Mmoja akasema wazi kwamba mwenye shamba hakutenda haki. Pembeni, karibu na mlango, alikuwa ameketi kijana mmoja fundi mwashi, ambaye hajapata kusema neno tangu alipojiunga nasi. Mzee akamwuliza yeye. Akajibu polepole: "Mimi husimama barabarani nikingoja kazi. Anayeitwa asubuhi, tangu saa ile amekwisha kujua kwamba watoto wake watakula. Asiyeitwa husimama hata jioni, na kila gari likipita moyo wake wapanda na kushuka. Huyo ndiye aliyechoka." Kisha akanyamaza.

Palikuwa kimya kwa muda. Tulikuwa tumelisikia somo hilo tangu shule ya Jumapili, na mhubiri alilieleza vema, wala hakukosea. Lakini sehemu ile hakuwa nayo. Ilikuwa kwa mtu aliyeketi karibu na mlango. Simu isingalituletea. Tena twakiri kwa haya kwamba yule kijana alikuwa amekaa nasi miezi mingi bila sisi kumwuliza lolote.

Kwa hiyo, ndugu, twatoa maonyo machache, kwanza kwa nafsi zetu. Mazungumzo ya mahubiri yasigeuke kuwa baraza la kumhukumu mhubiri, sauti yake na mavazi yake. Yeye amekwisha kutoa sehemu yake, na imebaki yetu. Wala jumuiya isiwe mahali pa kukusanya sadaka na michango tu, watu wakaondoka hawakuulizana neno. Mwenye kusema sana ajizuie, maana maneno ya mmoja yakijaa chumba, ya wengine hayana pa kukaa. Na mzee wa jumuiya awatazame walioketi karibu na mlango: msichana wa kazi, mlinzi, mgeni, mjane aliyekuja na mtoto mgongoni. Asiwalazimishe, lakini awaulize.

Kutoka Njiro, siku ambayo mawingu hayapo, mlima Meru waonekana wazi, na Akeri iko katika ubavu wake. Huko watu wawili walikufa kabla hawajasema neno lao, na wengi zaidi wakafa kwa ajili yao bila kuulizwa neno. Tangu hapo walimu walilibeba Neno kwa kukumbuka na kuulizana, kijiji kwa kijiji, hata likatufikia sisi. Juma hili tutakutana tena, na mzee atauliza kama kawaida yake. Asiyekumbuka asione haya kusema hakumbuki. Jirani yake atamwambia.