Mgeni Mtafiti Katika Mji wa Babati

Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Methali hii hutumiwa aghalabu kumwonya mgeni mvivu, lakini ndani yake mna maana nyingine iliyo kubwa zaidi: kwamba ugeni una kikomo, na kwamba mtu hahesabiwi kuwa amefika mpaka amepewa kazi miongoni mwa waliompokea. Katika makala haya nataka kuipima methali hiyo kwa mgeni wa aina moja, yaani mwanafunzi wa chuo kikuu cha mbali ambaye hutumwa katika nchi asiyoijua akakae majuma machache na kujifunza utafiti. Mahali pa kumpimia ni Babati, mji ambao umewapokea wachunguzi kutoka ng'ambo kizazi baada ya kizazi.

Babati uko takriban kilomita 170 kutoka Arusha, penye njia panda ya barabara iendayo Dodoma na ile iendayo Singida, chini ya Mlima Kwaraa na kando ya ziwa lenye viboko. Wilaya ya Babati ilitengwa na Hanang mwaka 1985, na Mkoa wa Manyara ulipotolewa katika Arusha mwaka 2002 mji huu ukawa makao makuu yake. Wagorowa ndio wenyeji wa kale wa hapo. Pamoja nao wamo Wairaqw, Wambugwe, Warangi na Wabarbaig. Lugha za watu hao ni za Kikushi, za Kibantu na za Kinailo, na sokoni wote hukutana katika Kiswahili. Si ajabu, basi, kwamba wataalamu wa lugha, wa mila na wa ardhi wamevutwa na nchi hii.

Wa kwanza wao hawakuja kukaa. Oscar Baumann, Mwaustria aliyetumwa na Wajerumani, alipita Umbugwe na kando ya Ziwa Manyara mwaka 1892, akiwa na msafara wa wapagazi na bunduki. Kitabu chake kilitolewa Berlin mwaka 1894. Mtu wa namna hiyo hakuhitaji kuizoea nchi. Alihitaji maji, chakula na njia. Aliona mengi, lakini aliyaona kama msafiri aonavyo kijiji kwa mbali: paa analijua, waliolala chini yake hawajui.

Katika miaka ya 1950 ilianza namna nyingine. Robert Gray aliwachunguza Wambugwe, na George Klima, Mmarekani, alikaa na Wabarbaig, akaandika juu yao kitabu kilichochapwa mwaka 1970. Mwaka 1961 ulianza msafara wa Chuo Kikuu cha Kyoto, Japani, chini ya Imanishi Kinji. Baadhi ya wataalamu wake walifanya makazi Mangola, karibu na Ziwa Eyasi, katika iliyokuwa Wilaya ya Mbulu, ambayo Babati pia ilikuwa sehemu yake. Huko Wazaki Yoichi alichunguza utani wa makabila yaliyokutana katika kijiji kimoja kwa lugha ya Kiswahili. Jambo hili lafaa kutiwa maanani. Utani hauonekani kwa mpita njia. Ataniwaye ni mtu ambaye watu wamekwisha kumjua, na mchunguzi asiyeweza kucheka wanapocheka wenyeji wake hana la kuandika juu ya kicheko chao.

Namna ya tatu ilikuja na Waswidi. Katika miaka ya 1990 serikali ya Uswidi iligharimia mpango mkubwa wa hifadhi ya ardhi katika Babati, na nyuma ya mpango huo wakaja wasomi, na nyuma ya wasomi wakaja wanafunzi. Vesa-Matti Loiske, ambaye mwaka 1995 alitoa tasnifu juu ya mmomonyoko wa udongo katika kijiji kimoja cha miteremko ya Hanang, alikuja kufundisha katika Chuo Kikuu cha Södertörn, karibu na Stockholm. Na wanafunzi wa chuo hicho wakawa wakiletwa Babati kujifunza utafiti mashambani. Walichunguza mahindi na mbaazi, maji, misitu, ufugaji, shule na kazi za wanawake.

Sasa tutazame jinsi mwanafunzi wa namna hiyo anavyouzoea mji. Kwanza huingia kwa karatasi. Kibali hutoka Tume ya Sayansi na Teknolojia, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1986. Kisha barua hushuka mkoani, wilayani, katani na kijijini, na kila mezani hupigwa muhuri. Mgeni wengi wa kwao huona taratibu hizi kuwa kizuizi, kumbe ndizo somo lake la kwanza, kwa kuwa zamfundisha kwamba nchi ina wenyewe. Pili huingia kwa salamu. Hujifunza kwamba swali halitangulii shikamoo, na kwamba mzee aulizwapo habari za nyumbani, za shamba na za watoto, hapotezewi wakati bali hupewa heshima yake. Tatu huingia kwa tumbo na miguu: hujua bei ya nyanya, hujua saa ya basi la kijijini, hujua kwamba saa mbili ya Babati siyo saa mbili ya daftari lake. Aliyekosea hesabu hiyo ya saa mara moja hatasahau tena.

Nne, na hili ndilo kubwa, huingia kwa mkalimani. Kijana wa Babati anayefuatana naye hafasiri maneno tu. Ndiye ajuaye nyumba ipi ina msiba isiyofaa kuulizwa maswali, mpaka upi wa shamba una ugomvi, na jibu lipi limetolewa kwa adabu tu ili mgeni aende zake. Nusu ya utafiti hufanywa kichwani mwake, lakini katika tasnifu aghalabu hupata mstari mmoja wa shukrani.

Hapa ndipo methali yetu inapouma. Mgeni huyu huja na jembe lake, nalo ni kalamu. Hulima katika shamba la watu. Na mavuno huyachukua kwao. Mwaka 1990 Ziwa Babati lilifurika. Klas Sandström, mtaalamu wa maji, alichunguza kama chanzo kilikuwa mvua pekee au pia mabadiliko ya mimea katika nchi inayolizunguka ziwa, na mwaka 1995 uchunguzi wake ulitolewa Uswidi kwa Kiingereza. Kazi hiyo ni ya thamani. Lakini mtu wa kando ya ziwa ambaye maji yaliingia chumbani mwake ndiye mwenye haja kubwa kuliko wote ya kuisoma, naye haikuandikwa kwa lugha yake.

Asidhani mtu kwamba haiwezekani kuwa vingine. Msitu wa Duru-Haitemba, wilayani Babati, ulikuwa karibu kutwaliwa uwe hifadhi ya serikali, na wanavijiji hawakuridhika. Liz Wily, mtaalamu aliyefanya kazi pamoja nao, alikaa na mikutano yao, na kufikia mwaka 1995 vijiji 8 vilikuwa vimekabidhiwa kulinda msitu vyenyewe kwa sheria ndogo walizozitunga. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 ikaitambua misitu ya vijiji nchini kote. Hapo mgeni alipewa jembe la wenyeji, akalima nao. Vilevile Andrew Harvey, aliyetoa tasnifu juu ya nomino za Kigorowa London mwaka 2018, ameweka katika hazina ya lugha zilizo hatarini sauti za Wagorowa wakisema kwa maneno yao wenyewe, ili mjukuu apate kumsikia babu.

Kwa hiyo, kutulia ugenini si maandalizi ya utafiti. Ni sehemu ya utafiti wenyewe, na hakukamiliki siku mgeni anapoacha kupotea njia ya kwenda sokoni. Hukamilika anapokuwa na deni analolikiri. Vyuo vinavyotuma wanafunzi, pamoja na vyetu sisi tunaowapokea, vingeweza kuagiza mambo mawili yasiyo na gharama kubwa: kwamba kila tasnifu iache kijijini muhtasari wa kurasa chache kwa Kiswahili, ukasomwe mkutanoni mbele ya waliohojiwa wakiwa na ruhusa ya kuukosoa, na kwamba mkalimani, akiridhia, atajwe kwa kazi aliyoifanya. Mgeni atakayesimama katika mkutano huo, akakosolewa na mzee wa Kigorowa, akaandika upya, huyo atakuwa amefika Babati.