Lokole, mwalimu wa kusikiliza

Kila mwalimu wa Kabondo anajua neno hili: « Mumesikia? » Kalasi nzima inajibu: « Ndiyo, mwalimu! » Kisha ukikusanya madaftari, kumbe kila mmoja amefanya kazi kwa namna yake. Tunalaumu watoto kwamba hawana masikio. Lakini wazee wetu wa mto walianza kwa ulizo lingine: je, aliyesema, amesema vizuri?

Tuangalie lokole ya Walokele, ule mti uliochimbwa ndani, wenye mdomo mmoja wa sauti ya juu na mwingine wa sauti ya chini. Katika Kilokele, sauti inageuza maana. Neno lisaka linaweza kuwa ahadi, dimbwi la maji ao sumu. Alambaka boili ni kusema, aliangalia ukingo wa mto. Ukikosa sauti, amechemsha mama mkwe wake!

John Carrington, mmisionari Mwingereza aliyefika Congo mwaka 1938 na kufanya kazi Yakusu, alijifunza kupiga lokole, akatoa kitabu juu yake mwaka 1949. Alieleza kwamba lokole haitoi herufi, inatoa sauti tu. Mwezi ni songe, kuku ni koko: yote mawili ni sauti mbili za juu. Nani atajua ni gani? Basi mpigaji hasemi kuku tu. Anasema kuku, yule mdogo anayelia kiokio. Mwezi naye ni ule unaotazama dunia toka juu. Mtu aliitwa kwa jina lake, la baba yake na la kijiji cha mama yake. Hivi maneno ya lokole yanakuwa marefu karibu mara nane. Si maneno ya bure: yanafunga njia ya kukosea.

Na msikilizaji? Kijiji cha katikati kilirudilia habari kwa kijiji kinachofuata. Aliyesikia nusu alipeleka nusu, na ndugu wa mbali akakosa matanga.

Njo maana siulizi tena « mumesikia? » Mwanafunzi mmoja anarudilia kazi kwa maneno yake, mwingine anaongeza yaliyosahauliwa. Mara nyingi ninaona kosa lilitoka kwangu: nilisema kuku, nikaacha kiokio.

Kama nyumbani kwenu kuna mzee wa Yakusu ao wa Isangi, muombe leo akufundishe jina lako la lokole. Sikiliza mpaka mwisho, kisha umurudilie.